Beberu Aliyetangulia Leseni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mliokaa nyuma karibu na mlango, asifiwe huko huko mliko. Najua mmekaa hapo ili mchomoke kabla ya mnada. Leo tulieni kidogo. Mchungaji aliniambia ushuhuda wangu niuandike kwanza, ausome, ndipo nije kuusoma mbele yenu, kwa sababu mara ya mwisho niliposimama hapa bila karatasi kila mtu anakumbuka kilichotokea. Ameusoma. Ametoa mistari kadhaa. Yote yaliyobaki mtakayoyasikia yana baraka zake.

Naitwa Yunisi, niko kidato cha tatu, nyumbani ni Nzuguni. Wengi mnanijua kama yule mtoto mchekeshaji wa Mama Damari, na tangu juzi wengine mnaniita Punda. Nitafika kwa punda. Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyoitoa familia yetu kifungoni. Kuna waliotolewa kwenye pombe, kuna waliotolewa kwenye ushirikina, na wote tumewapigia makofi hapahapa. Sisi, ndugu zangu, Bwana ametutoa kwenye ushuhuda.

Hapo zamani tulikuwa watu wa kawaida. Baba tulimzika nikiwa mdogo. Mama anauza mafuta ya alizeti na karanga kule soko la Majengo, na dada yangu Damari, huyo aliyekaa kwenye kwaya upande wa soprano, alisomea uuguzi ngazi ya cheti. Ng'ombe wa babu waliingia chuoni mmoja baada ya mwingine, na kwa maoni yangu walistahili kupewa cheti na wao. Dada alipohitimu aliletwa hapa mbele amevaa sare yake nyeupe, Mchungaji akamwombea, mkampigia vigelegele. Tangu siku hiyo hamkumwita Damari tena. Mkamwita Nesi Wetu.

Mnajua maana ya kuwa Nesi Wetu? Wiki ileile foleni ilianza getini kwetu. Mtoto ana homa. Bibi ana presha. Mtu kashikwa na tumbo baada ya harusi. Kuna mzee, simtaji, alileta kuku anayekohoa. Dada akawaambia wote waende zahanati. Akawaeleza kwamba leseni yake haijatoka, na bila leseni haruhusiwi kumdunga mtu sindano, akikamatwa anaweza asiipate maisha yake yote. Mkaitikia kwa kichwa vile mnavyomwitikia mtoto anayesimulia ndoto, halafu kesho yake mkarudi na sindano mliyonunua duka la dawa.

Sasa niwaeleze hiyo leseni, maana wengi mnadhani nesi akishavaa sare siku ya mahafali basi, amemaliza. Hajamaliza. Akitoka chuoni anafanya mtihani mwingine wa leseni. Dada akafanya, akafaulu, tukachinja jogoo. Kisha unaomba kusajiliwa kwa mtandao, na hapo ndipo tulipoingia jangwani. Kila akifungua simu anakuta maneno yaleyale: Ombi lako linashughulikiwa. Akaenda ofisini, wakamwambia chuo hakijathibitisha jina lake. Akaenda chuoni, wakamwambia walishathibitisha zamani, tatizo ni mtandao wa ofisini. Akarudi ofisini, anayehusika yuko kwenye kikao. Akarudi tena, anayehusika amehamishwa, na aliyekuja badala yake anasoma mafaili kwanza.

Na sisi tunakaa Dodoma, ndugu zangu, makao makuu! Wenzake wanatoka Kigoma na Mtwara, wanafika getini na mabegi mgongoni na macho mekundu ya safari. Dada anakwenda kwa bajaji. Wote wanarudi na jibu moja. Nikaelewa kwamba kuishi jirani na Serikali ni sawa na kuishi jirani na kiwanda cha mikate. Harufu unapata bure, mkate hupati.

Bila leseni huombi kazi. Mfumo wa maombi unadai namba ya leseni, usipoijaza haukupeleki mbele. Zahanati za watu binafsi zinadai leseni na uzoefu. Dada akasema basi nijitolee, nifanye bure nisisahau nilichosoma. Wakamjibu kwamba hata kujitolea kunahitaji leseni. Dada yangu amenyimwa kazi ya bure! Mkifika nyumbani mkae mlifikirie hilo, mimi lilinishinda. Shuleni mwalimu wa hesabu aliniuliza daftari la mazoezi liko wapi, nikamjibu kwa heshima zote kwamba linashughulikiwa. Nikapewa adhabu ya kung'oa visiki. Nikajifunza kwamba jibu hilo lina watu wake.

Ndipo ukaja ule mkutano wa mwinjilisti mgeni. Mnamkumbuka, yule wa suti inayong'aa. Alifundisha kwamba anayeshukuru baada ya kupokea ni mfanyabiashara tu, mwenye imani hushukuru kabla. Ukisema bado sijapata, umefunga mlango kwa mdomo wako mwenyewe. Na ukisema nimepata kwa imani, hayo maneno "kwa imani" ni shaka iliyovaa nguo nzuri. Useme nimepata, unyamaze. Mama alikuwa benchi la pili. Nilimwona anavyoitikia kwa kichwa taratibu, nikajua nyumbani kuna kitu kinakuja.

Kilikuja Jumapili iliyofuata, kina pembe. Beberu mweusi, paji jeupe, tuliyekuwa tunamlea kwa ajili ya Krismasi. Mama alimvuta kwa kamba hadi hapa nilipo mimi, amevaa kitenge cha akina mama, akachukua kipaza sauti.

“Bwana amempa binti yangu kazi hospitalini,” akasema. “Nimekuja kumshukuru.”

Hakuongeza neno. Mlipiga vigelegele mpaka beberu akajisaidia mbele ya madhabahu. Mstari huo Mchungaji alitaka kuufuta, mzee wa kanisa aliyefagia akamwambia ni kweli tupu. Kisha tukaenda nje kwenye mnada, na Mama Lameck, jirani yetu na mwenyekiti wa akina mama, akamnunua yule beberu kwa kushindana na watu wengi, akaondoka naye kwa shangwe.

Na Dada? Dada alikuwa kwenye kwaya. Habari za kazi yake alizisikia siku moja na nyinyi.

Nyumbani hakugombana. Dada hagombani, ndiyo maana mimi nimejaliwa maneno ya wawili. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza Mama, “Kesho asubuhi nitakwenda wapi?”

“Utavaa sare, utatoka,” Mama akamjibu. “Bwana atakutana nawe njiani.”

Akavaa, akatoka. Na kweli Bwana alikutana naye, Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Ulikuwa msimu wa kuvuna na walikuwa wanachukua vibarua. Alfajiri mlimwona anapita mtaani kwa sare nyeupe na viatu vilivyopigwa kiwi, mkamsalimia Nesi Wetu, kazi njema. Akifika kule anaingia kwenye banda la Mama Mwasiti, Mrangi wa Kondoa anayewauzia vibarua uji, anavua sare, anaikunja, anavaa gauni chakavu na kuingia shambani na mkasi. Jioni anaoga kwa maji ya ndoo, anasugua kucha kwa limau kwa sababu zabibu zinatia weusi, anavaa sare, anarudi mweupe. Mama Mwasiti hakumuuliza kitu. Alimwekea sare kwenye mfuko, akaufunga vizuri ili moshi usiifikie. Kwa hiyo aibu ya kanisa letu ilitunzwa na mama wa Kiislamu, na alituombea pia, nadhani.

Sare ile, ndugu zangu, ilikuwa safi kuliko sare ya nesi yeyote nchi hii. Haijawahi kukaribia mgonjwa.

Mimi nilikuwa najua, na nyumbani nilikuwa nafanya mzaha. Dada akirudi namuuliza wodi ya leo ilikuwaje, ananijibu kwamba wagonjwa wote wameruhusiwa wakiwa kwenye makreti. Tulicheka hivyo kwa muda. Halafu siku moja mzaha ukaisha. Nilimkuta anaufunga bandeji mguu wa meza. Anafunga, anafungua, anafunga tena, na midomo inatembea kama mtu anayesoma. Akaniambia mikono yake inaanza kusahau.

Sasa sikieni pale panaponiuma mpaka leo. Mzee Elia, mnamfahamu, ana zahanati yake ndogo upande wa Chamwino. Jumapili moja wakati wa matangazo alisimama akasema anatafuta binti aliyesomea uuguzi. Kazi yenyewe si ya sindano, ni mapokezi, kupima uzito na presha, chini ya muuguzi mwenye leseni. Leseni ya huyo binti hata kama bado, atasubiri akiwa palepale, na ikitoka atapandishwa.

Yaani ni kama alikuwa anamsoma Dada kichwani. Kisha akatabasamu, akaielekea kwaya.

“Moyoni nilikuwa nimemuweka Damari,” akasema, “lakini yeye Bwana keshamwinua. Basi kama kuna mwingine.”

Nikamtazama Dada. Dada akamtazama Mama. Mama akatazama kitabu cha nyimbo, na kilikuwa kimefungwa. Ilikuwa nafasi ya kusema sentensi moja tu. Lakini ile sentensi ingemfanya Mama mwongo mbele ya madhabahu, na beberu alishatolewa, na vigelegele vilishapigwa, na mtu huwezi kurudisha vigelegele. Mwalimu wa kwaya akainua mkono, wakaimba. Dada aliimba mpaka mwisho, sauti yake niliisikia, haikutetereka hata kidogo. Kazi alipewa binti wa mtaa wa pili. Ni binti mzuri, sina ubaya naye. Kila nikimwona nakosa hamu ya kula.

Baada ya hapo Dada aliacha kucheka. Msimu wa kuvuna uliisha, wakabaki wachache wa kupogoa mizabibu, akabaki nao. Kila alfajiri sare, kila jioni limau. Simu nayo ikaendelea kusema kwamba ombi lake linashughulikiwa, kwa upole ambao hata Mchungaji hajawahi kuwa nao.

Ndipo Mama Lameck akaja na mjukuu wake. Mama Lameck mwenyewe ameniruhusu kulisema hili, yuko pale benchi la tatu, shikamoo mama. Alikuja alfajiri, akamkuta Dada anafungua geti amevaa sare, akamwonyesha sindano na dawa kwenye mfuko. Mtoto anachemka, hospitali ni mbali, mchome tu, binti yangu. Dada akamshika mtoto shingoni, akamwambia apelekwe zahanati sasa hivi, akamwitia bajaji mwenyewe. Lakini kuchoma hakuchoma. Mama Lameck aliitazama ile sare kuanzia juu hadi chini.

“Kumbe tulikuombea ili uje utudharau,” akamwambia.

Mtoto alipona huko zahanati. Dada yangu hakupona. Habari ilizunguka Nzuguni nzima kwamba nesi wa Mama Damari anaringa, kwamba akishakula mshahara wa Serikali hamjui mtu. Mshahara gani, jamani!

Ikafika Jumapili ya Vijana. Sisi vijana tulikuwa na igizo la Balaamu na punda wake, na punda alikuwa mimi, nani mwingine angekubali? Masikio ya boksi, gunia la kuvaa, mkia wa katani. Kabla ya igizo kulikuwa na shuhuda. Mama Lameck akasimama kumshukuru Mungu kwa uzima wa mjukuu, akaongeza kwamba kuna watu Bwana akiwainua wanasahau mlango wa jirani. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kanisa zima liligeuza shingo kuelekea soprano. Dada aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake.

Igizo likaanza. Festo, ndiye aliyekuwa Balaamu, akanichapa fimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya tatu alinogewa. Hapo punda anatakiwa kufungua mdomo na kuuliza kwa nini anapigwa. Maneno yenyewe ni machache, nilikuwa nimeyakariri hadi usingizini. Hayakutoka. Yaliyotoka ni haya:

“Dada Damari hana kazi. Hajawahi kuwa nayo. Yuko Makutupora kwenye zabibu, na leseni yake haijatoka.”

Mkacheka.

Hilo silisahau, ndugu zangu. Mlicheka mkashikana mabega. Mzee wa kanisa alitoa leso akafuta macho. Nikarudia taratibu, mkacheka zaidi, kwa sababu ni mimi, na kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanacheza. Balaamu alimwelewa punda wake papo hapo, na yule hakuwa hata na kipaza sauti. Nikalia mle ndani ya gunia, mkasema huyu mtoto anajua kuigiza.

Ndipo Dada akashuka kwenye kwaya. Hakukimbia. Alikuja hadi hapa, akanivua yale masikio, akayashika mkononi, akawageukia.

“Ni kweli,” akasema. Kicheko kikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha akamtafuta kwa macho mtu mmoja. “Mzee Elia, ile nafasi niliitaka.”

Mzee Elia alitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Mama alisimama, nikajua nimekwisha, lakini alipita pembeni akatoka kwa mlango mdogo.

Msije mkadhani kwamba mbingu zilifunguka hapo. Mzee Elia alimfuata Dada baada ya ibada, akamwomba radhi kwa heshima kabisa, akamwambia nafasi imeshajazwa. Leseni haikutoka Jumatatu. Mchungaji aliniita ofisini akanieleza kwamba madhabahu si mahali pa kuropoka, nikamwambia ndiyo baba, na nikafikiria mambo yote niliyowahi kuyasikia yakiropokwa hapohapo, sikuyataja. Nyumbani jioni ile Mama aliwahi kulala.

Ukombozi wetu ulikuja asubuhi yake, jikoni, na ulikuwa mdogo kama hivi. Dada alitoka chumbani amevaa sare, kwa mazoea. Mama alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

“Vua hiyo, mwanangu,” akasema. “Itachakaa bure.”

Akaacha mwiko, akaingia ndani, akatoka na mabuti ya shambani ya marehemu Baba. Alikuwa ameyafuta vumbi. Akayaweka miguuni pa Dada, akarudi kwenye uji. Sare akaikunja mwenyewe, akaitia kwenye mfuko, akaiweka juu ya kabati. Dada akapita mtaani kwa mabuti yanayompwaya, mchana kweupe, mkasi mkononi. Waliomwona walimsalimia kwa jina lake. Damari. Nilikuwa nimesahau kwamba ni jina zuri.

Siku chache baadaye, jioni, Mama Lameck akapiga hodi. Alikuja na yule beberu, amenenepa kama mwenye hoteli. Nikajua anamrudisha kwa hasira. Akafunga kamba kwenye nguzo ya geti, akakaa, akakataa chai, akaongelea upepo, akaongelea bei ya mtama. Mama akaitikia. Nikataka kusema kitu cha kijinga, Dada akanikanyaga kwa buti la Baba.

“Huko kwenye zabibu,” Mama Lameck akamuuliza Dada, sauti ya chini, “wanachukua na vijana wa kiume?”

Dada akamjibu kwamba wanachukua.

“Lameck amerudi,” akasema. “Na yeye ni hiyohiyo leseni.”

Mnamkumbuka kaka Lameck. Alihitimu uuguzi kabla ya Dada. Mama yake alisimama hapahapa akamshukuru Mungu kwamba mwanawe ameajiriwa hospitalini Singida, na tukapiga vigelegele, na mimi nilipiga. Kumbe alikuwa Singida anaendesha bodaboda ya mtu, na akija likizo anakuja na koti jeupe kwenye begi. Mama yangu akachukua birika. Alimmiminia chai ileile aliyoikataa, na safari hii akainywa. Alipoondoka, beberu alimwacha pale kwenye nguzo.

Namshukuru Bwana kwa yote hayo, ndugu zangu, ingawa sitaficha, kuna mengine namshukuru huku nimenuna, na nadhani ananielewa, maana watu wa Zaburi nao walinuna. Namshukuru kwa Dada, ambaye hajawahi kumdunga mtu sindano bila ruhusa hata alipoitwa mwenye dharau. Namshukuru kwa Mama, aliyesoma ushuhuda huu kabla ya Mchungaji na hakufuta kitu. Namshukuru kwa uji wa Mama Mwasiti. Kwa ile ofisi bado sijapata la kushukuru, nikipata nitarudi.

Jana usiku Dada alifungua simu tena. Linashughulikiwa. Akaizima, akaenda kumpa beberu maji.

Beberu yuko nyumbani, anakula, anaongezeka. Siku leseni itakapokuwa mkononi, nimeishika na kuisoma, jina na kila kitu, tutamleta hapa mbele na mtapiga vigelegele mpaka ajisaidie tena. Kabla ya hapo hatoki getini.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu, anatosha kutumainiwa. Ila msimtangulie kwenye kipaza sauti. Na kama kuna mwingine humu ndani ambaye kazi yake ilishatangazwa hapa, na kila asubuhi anavaa na hana pa kwenda, anione baada ya mnada. Masikio ya boksi bado ninayo.